Shamba la Mtani

Wakili Mhando alipofariki mwaka huu, watoto wake walinipigia simu kutoka Dar es Salaam wakaniomba niandike ukurasa mmoja wa kusomwa siku ya hitima. Walitaka nitaje kesi zake kubwa, na wakanitajia wenyewe, maana wamezisikia tangu wadogo: ile ya ng'ombe walioingia kwenye mahindi ya kijiji kizima, ile ya walimu waliotolewa kwenye nyumba zao mvua ikinyesha, ile ya binti wa Hale aliyeumizwa mkono na mashine halafu mwajiri akadai hamjui. Zote hizo nazijua. Lakini kila nilipokaa kuandika, iliyonijia kichwani ilikuwa kesi ya shamba la Bi Mwanahamisi, ambayo aliishinda vizuri kuliko zote, na ambayo hakupenda izungumzwe mbele yake mpaka anaingia kaburini. Nikaiandika hiyo. Mtoto wake mkubwa akanijibu kwa adabu kwamba shangazi, umeandika vizuri, ila hii haifai kusomwa mbele za watu. Nikawaandikia ya ng'ombe, watu wakafurahi. Hii nimebaki nayo mwenyewe.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza masomo ya uwakili, nasubiri kuapishwa, na sikuwa na mahali pa kwenda. Mhando alinichukua bila maswali mengi. Ofisi yake ilikuwa vyumba viwili nyuma ya duka la vitambaa la familia ya Kihindi pale Korogwe mjini, na ili uingie ilibidi upite katikati ya majora ya vitenge na sare za shule, umsalimie mama mwenye duka, ambaye kesi zetu alizijua kuliko nilivyozijua mimi. Chumba cha kwanza kilikuwa cha Mama Asha, karani wetu, na benchi la wateja, na meza yangu ndogo pembeni. Cha pili kilikuwa cha Mhando. Kati ya vyumba hivyo kulikuwa na ukuta wa plaiwudi usiofika juu, kwa hiyo siri za watu wa Handeni na Korogwe zilinipitia juu ya kichwa kutwa nzima, nami nimeinama najifanya nasoma. Mhando alikuwa ametandika chumbani kwake zulia jekundu la mnadani, basi kila mteja alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Ukitaka kujua kama siku ina kazi, ulitazama kandambili.

Alikuwa na utaratibu mmoja ambao mwanzoni niliudhania ni ukarimu, kumbe ndiyo kazi yenyewe. Mteja aliyetoka mbali hakuruhusiwa kueleza shida yake kabla hajala. Mama Asha alikuwa na jiko la mkaa uani, na mchana alisonga bada, ule ugali wa muhogo, kwa mboga ya mchunga iliyotiwa nazi. "Mwenye njaa anakatisha maneno," Mhando alikuwa akituambia, "na kile anachokikatisha ndicho ninachokitafuta." Basi wateja walikaa kwenye zulia, wakala, wakazungumza habari za mvua na za watoto, na katikati ya tonge moja na jingine jambo lenyewe likachomoza. Mimi nilimwona mzee aliyekuja kudai mpaka wa shamba akikiri, mdomo umejaa, kwamba mpaka ule aliusogeza yeye. Mhando hakumgombeza. Alimwongezea mboga, kisha akamwambia aende nyumbani akapatane na jirani yake.

Bi Mwanahamisi alikataa kula. Alikuja mwanzoni mwa kiangazi kutoka kijiji kimoja cha njia ya Handeni, kabla ya kufika Sindeni, akiwa na shemeji yake, Mzee Athumani, mdogo wa marehemu mumewe. Alikuwa mama mrefu, mkavu, kanga ameifunga kiunoni kama mtu anayetaka kubeba mzigo. Mzee Athumani alinawa, akala. Yeye alikaa pembeni na sahani mbele yake, akisubiri wanaume wamalize. Kisha shemeji yake akaeleza, na nikaambiwa nije nikae nao niandike.

Mume wa Bi Mwanahamisi alikuwa amefariki miaka mingi nyuma. Siku ya maziko alikuja mtani wake, Mzee Maganga, Mnyamwezi ambaye wazazi wake waliletwa Korogwe enzi za mkonge na hawakurudi tena kwao. Mzigua na Mnyamwezi ni watani, na mtani msibani ana kazi yake, maana ndiye anayeruhusiwa kuwachekesha watu pale ambapo kila mtu anataka kulia. Maganga aliifanya kazi hiyo kikamilifu. Jeneza lilipofika makaburini, alishuka ndani ya kaburi akalala.

"Sisi tumebeba ndugu yetu mabegani," Mzee Athumani alisema, "yeye yuko chini kule amekunja mikono. Anasema hapa pangu, tafuteni pengine. Nikamuuliza, unataka nini mtani? Akasema anataka shamba la bondeni."

"Ukamjibu?" Mhando aliuliza.

"Nikamwambia lichukue, shamba lako, toka tumzike mwenzetu. Ningemwambia nini kingine?"

Mhando alicheka mpaka akafuta macho. Yeye mwenyewe ni Mzigua, na baba yake alizikwa kwa kuchelewa kwa sababu mtani aliondoka na sanda akidai ni shuka lake. Mzee Athumani naye akacheka. Hata mimi, msichana wa milimani, nikashindwa kujizuia.

"Umecheka, wakili," Bi Mwanahamisi alisema. Ilikuwa mara ya kwanza afungue mdomo. "Na kule baraza la ardhi watacheka. Wakishamaliza kucheka watanichukulia shamba."

Hapo ndipo tukasikia yaliyobaki. Baada ya maziko Maganga alipewa kuku na koti la marehemu, mambo yakaisha, ila utani haukuisha. Kila alipopita alisema anakwenda kukagua shamba lake, na Bi Mwanahamisi alimjibu karibu mwenye shamba, mimi mpangaji tu. Kona moja alimpa alime muhogo, kwa sababu watu wa kambi ya mkonge hawakuwa na ardhi yao. Hayo yakaenda miaka na miaka, mbele ya watu, kwa sauti kubwa, kama utani unavyotakiwa kuwa. Mwaka uliopita Maganga naye akafariki. Zikaja habari kwamba barabara itawekwa lami, madalali wakaanza kuzunguka na pikipiki zao, na mtoto wa Maganga, aitwaye Shija, akapigilia vigingi shamba zima akasema ni urithi wa baba yake. Alikwisha kuleta mnunuzi mara moja. Lile ndilo shamba pekee alilokuwa nalo Bi Mwanahamisi, na wajukuu wanne walikula kutoka humo.

"Nani mwingine alisikia maneno yale ya kaburini?" Mhando aliuliza. Sasa hakuwa akicheka.

"Wote," Mzee Athumani alisema.

Wiki iliyofuata tulikwenda kuliona shamba, mimi na Mhando, kwa ile pikapu yake iliyokuwa ikifungwa mlango kwa kamba. Nakumbuka nyumba ya Bi Mwanahamisi kuliko shamba lenyewe: sebule ya udongo iliyosilibwa vizuri, kitanda cha kamba, magunia mawili ya kunde yamesimamishwa ukutani, na harufu ya moshi ambayo niliondoka nayo kwenye nguo. Wanaume walikwenda bondeni na mimi nikabaki jikoni kumenya maboga. Mara tukasikia hodi.

"Mke mwenzangu, upo? Nimekuja kuchukua chumvi ya mume wetu."

Aliyeingia alikuwa mama mnene, mfupi, anahema. Alikuwa Bi Kabula, mjane wa Mzee Maganga, mama yake Shija. Nilidhani patatokea ugomvi, nikaweka kisu chini.

"Chumvi umekula jana, mke mkubwa," Bi Mwanahamisi alimjibu bila kugeuka. "Huyo mume alikuachia ulafi tu?"

"Mimi aliniachia ulafi, wewe akakuachia ukavu. Hebu jitazame." Kisha akaniona. "Na huyu ni nani? Umeshaleta mke wa tatu?"

Alikaa, akavuta boga moja, akaanza kumenya pamoja nasi. Walitaniana hivyo muda mrefu bila kucheka, nyuso zimekazwa, kila mmoja akisubiri mwenzake ashindwe. Nikaelewa kwamba tangu Maganga alale kaburini na kudai kila kitu cha marehemu, wanawake hawa wawili waliitana wake wenza, na kwamba utani ule sasa ulikuwa umebaki kwao wawili tu. Habari ya kesi ilikuja mwishoni kabisa, Bi Kabula anaondoka na chumvi yake kwenye kipande cha gazeti.

"Mwanangu yule wamemharibu madalali," alisema, na sauti yake ilikuwa nyingine. "Nimemwambia, kanisikia kwa sikio hili katolea hili. Kambini wanataka tuhame, kwa hiyo anaona hana pa kutuweka. Lakini ni mwanangu, Mwanahamisi. Nikiitwa nitakaa upande wake."

"Kaa upande wake," Bi Mwanahamisi alimwambia. "Ungekaa upande wangu ningekushangaa."

Shija nilimkuta tunarudi kwenye gari. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Alikuwa kijana wa umri wangu, amevaa shati la kazi, na alinisubiri barabarani kwa heshima zote. "Dada, wewe umesoma," aliniambia. "Mimi nimezaliwa nasikia lile shamba letu. Baba akitutuma anasema nendeni shambani kwetu. Mama mwenyewe wa pale akituona anasema karibuni wenye shamba. Mtoto atajuaje kwamba watu wazima wanacheza?" Swali hilo ninalo mpaka leo. Mhando, aliyekuwa amesikia, aliwasha gari akasema twende.

Siku hizo watu wa Handeni nao walikuja Korogwe kwa mashauri ya ardhi. Baraza lilikaa kwenye chumba kirefu chenye madirisha ya juu, mwenyekiti mbele na wazee wa baraza wawili kando yake, na mabenchi ya watu nyuma. Mwenyekiti alikuwa mgeni, mtu wa kanda nyingine, mtulivu na msikivu, na hakukuwa na ubaya wowote kwake. Utani aliujua kama kila Mtanzania. Ila alituambia mapema kwamba yeye ataamua kwa ushahidi, kwa sababu kila mtu anayenyang'anywa shamba anaweza kusema alikuwa anatania.

Mdai alikuwa Bi Mwanahamisi, kwa hiyo mashahidi wetu walianza, na mashahidi wetu ndio waliotuangusha. Walikuwa wazee wa kijiji, watu wa swala tano, wameshika Kurani mkononi, na hakuna hata mmoja aliyekuwa tayari kupunguza neno. Wakili wa Shija, kijana mwepesi kutoka Tanga mjini, hakuhitaji hata kunyanyua sauti.

"Mzee Athumani, ulimwambia marehemu Maganga lichukue, shamba lako?"

"Nilimwambia."

"Ulikuwa unamtania?"

Mzee Athumani alifikiri. Nilimwona anafikiri, nikatamani nimsukume. "Hapana," alisema. "Anayetania ni yeye. Mimi nilikuwa namjibu."

"Na alipoanza kulima kona ile, ulimwondoa?"

"Mtani haondolewi."

Ikawa hivyo shahidi baada ya shahidi. Ulisikia? Nilisikia. Alikataliwa? Nani anamkatalia mtani. Kisha akaja Bi Mwanahamisi mwenyewe, akasimama wima, akaulizwa kama kweli alizoea kujiita mpangaji mbele ya Maganga. Akasema ndiyo. Mara ngapi? Akasema kila alipopita. Mzee mmoja wa baraza alitikisa kichwa akiandika, na mwenyekiti akamuuliza kwa upole, "Mama, kwa nini hukuwahi kusema hata siku moja kwamba shamba ni lako?"

"Kila mtu anajua ni langu," alisema. "Ningeanzaje kusema?"

Tuliahirishwa mpaka siku ya pili, Shija atoe ushahidi wake. Asubuhi hiyo Bi Mwanahamisi alikuja ofisini mapema, akaingia kwa Mhando, na nikasikia kila kitu juu ya plaiwudi. Sauti yake ilikuwa ya chini kuliko kawaida.

"Athumani kaniambia unataka kuuliza ule utani wa mke."

"Nafikiria."

"Usiulize, wakili. Kabula atakuwepo."

"Mama, jana umeona mwenyewe tulipofika. Nikinyamaza, jioni huna shamba."

Nje Mama Asha alikuwa anapepea jiko. "Mimi na Kabula hatuna kitu kingine," Bi Mwanahamisi alisema mwishowe. "Hatuna udugu, hatuna kabila moja. Tuna hilo tu."

"Una wajukuu wanne," Mhando alimwambia.

Bi Mwanahamisi akainuka. Alitoka, akavaa kandambili zake, akapita mbele yangu bila kuniona.

Shija alisimama akaeleza yale yale aliyoniambia barabarani, na alieleza vizuri. Alisema baba yake aliomba shamba mbele ya kadamnasi na akapewa, na hakuna aliyempinga mpaka anakufa. Nyuma, kwenye benchi la pili, alikaa Bi Kabula na kanga mpya. Zamu ya Mhando ilipofika alisimama polepole, akavua miwani, akaishika tu mkononi.

"Mzee wako, pale kaburini, aliomba shamba peke yake?"

"Aliomba shamba."

"Sijauliza hilo. Nauliza kama aliomba shamba peke yake."

Shija akatazama chini. "Aliomba na vitu vingine."

"Vitaje."

"Kuku. Koti la marehemu. Na mjane."

Watu wakacheka, wazee wa baraza nao wakacheka. Mhando alisubiri waishe.

"Akajibiwa nini kuhusu mjane?"

"Akajibiwa amchukue."

"Na nani?"

"Na Mzee Athumani."

"Huyo huyo aliyempa shamba. Na kwa miaka yote ile alipopita akimwita Bi Mwanahamisi mke wangu, mwenyewe aliitikaje?"

"Aliitika abee."

"Vizuri. Baba yako alipofariki, aliacha warithi gani?"

"Mimi, na dada zangu wawili, na mama."

"Mama yupi?"

"Nina mama mmoja."

"Mbona una mama wawili? Alipewa mke siku aliyopewa shamba, na mtu yule yule, kwa maneno yale yale, na mke akaitika. Niambie, Bi Mwanahamisi alikaa eda ya baba yako nyumba gani? Baba yako zamu yake ya kulala kwake ilikuwa siku zipi?"

Hapo kicheko kilikatika. Nilikuwa nimegeuka kumtazama Bi Kabula, na nikamwona anavuta kanga, anajifunika kichwa chote, uso na yote, pale pale kwenye benchi, mbele ya watu asiowajua. Bi Mwanahamisi alikuwa akitazama ukuta.

"Wakili," Shija alisema, "usimvunjie mama yangu heshima. Ule ulikuwa utani. Kila mtu anajua ule ulikuwa utani."

"Sina swali lingine," Mhando alisema, akakaa.

Nimekuwa wakili sasa kwa miaka mingi, na nimewahoji mashahidi wengi, na najua ninachokisema nikisema kwamba sijaona mahojiano mazuri kuliko yale. Vijana wanaokuja kujifunza kwangu huwa nawaeleza maswali yale, jinsi lile la kwanza lilivyofungua mlango, na wanafurahi. Siwaelezi habari ya kanga. Kwa wiki kadhaa baada ya siku ile nilimchukia Mhando, nilimchukia kweli, nikawa nakula uani na Mama Asha ili nisikae naye sinia moja. Siku moja nikamwambia kwamba angeweza kuishia kwenye mke, lile la kulala halikuwa na lazima. Alinitazama kama mtu aliyechoka sana. Akasema kijana alikuwa hajalitamka bado lile neno utani, na alihitaji alitamke yeye mwenyewe. Alikuwa sahihi. Ndilo jambo linalonisumbua zaidi, kwamba alikuwa sahihi na nimejaribu mara nyingi kutafuta swali jingine ambalo lingefanya kazi ile ile, na sijalipata.

Tulishinda. Mwenyekiti alisoma uamuzi kwamba maneno ya mtani msibani, na majibu anayopewa, hayana uzito wowote mbele ya sheria na hayawezi kumpa mtu ardhi. Shija akaamriwa kung'oa vigingi. Watu wa kijiji walishangilia nje, na mama mwenye duka la vitambaa akatuletea sambusa. Bi Mwanahamisi alimshukuru kila mmoja wetu kwa mkono, kisha akaniuliza Bi Kabula ametokea mlango gani. Sikuwa nimemwona.

Maneno yale ya uamuzi yakasafiri. Kambini walikuwepo Wanyamwezi wengi, na wote waliambiwa kwamba baraza limesema maneno ya mtani hayana uzito wowote. Bi Mwanahamisi alituma ujumbe kupitia jirani kwamba ile kona ya muhogo ni ya Bi Kabula aendelee kulima, hakuna aliyemfukuza. Bi Kabula alirudisha jibu kwamba anashukuru, ila baraza limeshaamua. Siku chache baadaye aliing'oa mihogo yote, ile iliyokomaa na ile changa, akasawazisha ardhi kwa jembe, akaondoka. Hakuja tena kuchukua chumvi. Bi Mwanahamisi alikuja ofisini mara moja akitaka Mhando amwandikie barazani kwamba hakuwa anataka yale maneno yaandikwe. Mhando alimweleza kwamba akigusa maneno yale, shamba nalo linarudi mezani. Alikunywa maji aliyopewa, akaaga.

Kabla mwaka haujaisha Mzee Athumani alifariki, ghafla, akitoka msikitini. Tulikwenda, mimi na Mhando na Mama Asha. Wanaume walikuwa nje kwenye majamvi na sisi wanawake ndani, kwenye sebule ile ile ya udongo ya Bi Mwanahamisi, maana msiba uliwekwa kwake, tumebanana. Mhando aliniambia baadaye kwamba makaburini kila kitu kilikwenda haraka na kwa utaratibu. Walipofika kwenye kaburi wabebaji walisimama kidogo, bila mtu kuwaambia, wakatazama chini, kisha wakatazamana, kisha wakaendelea.

Wanyamwezi wa kambini walikuja. Hilo watu wengine wakilisimulia hulikosea, husema walisusa. Walikuja wengi, wamevaa vizuri, wakatoa rambirambi, wakakaa kimya walipoonyeshwa. Wanawake waliingia ndani wakatupa pole mmoja mmoja. Bi Kabula alikuwa wa mwisho. Alimpa Bi Mwanahamisi mikono yote miwili, akainamisha kichwa. "Pole sana, Bi Mwanahamisi," alisema. "Mungu awape subira." Kisha akaenda kukaa kwenye mkeka karibu na mlango, miguu ameikunja chini ya nguo kama mgeni.

Watu walilia, wakapumzika, wakalia tena, na kila mlango ulipotiwa kivuli watu waligeuka kutazama. Ndipo Bi Mwanahamisi akainuka. Alikwenda kwenye msumari ukutani alipotundika shemeji yake koti lake na kofia, akalivaa lile koti juu ya kanga ya msiba, akaweka kofia kichwani, na akaanza kutembea katikati yetu kama Mzee Athumani alivyokuwa akitembea, goti moja limekakamaa, mkono mmoja nyuma, akikohoa kila hatua ya pili. Alimwiga vizuri sana. Alipita mbele ya wanawake wa upande wa dirishani, akageuka, akaja mpaka mbele ya Bi Kabula, akasimama hapo, akakohoa.

Hakuna aliyecheka. Kumwiga marehemu ni kazi ya mtani, mfiwa hawezi kujifanyia utani mwenyewe, na kila mtu mle ndani alikuwa akilijua hilo, na yeye alikuwa akilijua kuliko wote. Alibaki amesimama na kofia ya kiume kichwani, akimtazama Bi Kabula usoni, akisubiri.

Bi Kabula aliinuka kwa shida. Alimvua ile kofia, kisha koti, mkono mmoja baada ya mwingine, akalikunja vizuri akaliweka kitandani.

"Kaa chini, mama," alimwambia. "Wewe ndiye mfiwa."

Kisha akatuaga sote kwa adabu, akavaa kandambili zake, akaenda zake.